Jinsi ya kulifuata neno la Kiingereza hadi kwenye shina lake: mfano wa "fine"

Mimi ni mfasiri. Meza yangu iko ndani ya duka la vifaa vya kuandikia, Ngamiani, Tanga, kati ya mashine ya kutoa kopi na kabati la madaftari. Kwa miaka kumi na tisa nimekaa hapo nikigeuza vyeti, mikataba, barua za mawakili na majibu ya hospitali kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Maneno magumu hayanisumbui sana. Neno refu la kisheria linajitangaza lenyewe kwamba ni gumu, nawe ukiliona tu unanyoosha mkono kuchukua kamusi. Neno linalomponza mfasiri ni lile fupi, la kila siku, alilofundishwa shule ya msingi akadhani wamekwisha kumalizana.

Kwangu neno hilo lilikuwa "fine".

Mteja mmoja anayefanya kazi Muscat alinitumia mkataba wa kumjengea mama yake nyumba huko Pongwe. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, na watu wa saiti walitaka Kiswahili. Kwenye kifungu cha plasta palikuwa na maneno "fine sand". Nikaandika: mchanga mzuri. Msimamizi akaagiza mchanga mzuri, na kweli ulikuwa mzuri: mchanga wa mto, punje kubwa, hauna udongo, hakuna ulioufikia kwa zege. Fundi alichota konzi moja, akauacha uchuruzike vidoleni, akasema, "Huu haupandi ukutani." Tripu nzima ya lori ikabaki pembeni, ikanunuliwa nyingine. Nilichangia gharama kutoka kwenye ujira wangu kwa sababu kosa lilikuwa langu, na usiku ule nikafungua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nikaandika neno moja tu katikati.

Ninachokueleza hapa ni namna ninavyofanya tangu siku ile, kila ninapokutana na neno fupi lenye maana nyingi. Nitatumia "fine" mwanzo hadi mwisho, maana ndilo lililonifundisha.

Anza na sentensi

Usifungue kamusi kwanza. Kamusi itakupa maana kumi na tano kwa mpigo na zote zitaonekana sawa. Tafuta kwanza sentensi halisi, zilizoandikwa na watu waliokuwa na shida zao, na uzinakili pamoja na mahali ulipozitoa. Mimi nilipata zangu kwenye makaratasi yaliyopita mezani. Kwenye barua ya baraza la jiji: "shall be liable to a fine". Kwenye risiti ya sonara: "fine gold". Kwenye maelekezo ya dawa ya kuvuta puani: "a fine mist". Kwenye barua ya dada kwa mdogo wake: "we are all fine here". Kwenye tangazo la chuo: "Fine Arts". Kwenye mkataba wa simu, mteja alikuwa amelalamika juu ya "the fine print". Na kwenye kitabu cha hadithi cha mtoto, mama anamjibu mwanawe kwa hasira "Fine!", kisha anaufunga mlango.

Ukishakuwa na saba au nane, zipange kwa kazi ya neno ndani ya sentensi. Hapa ndipo nusu ya utata inapoondoka. "Fine" ikitanguliwa na "a" na hakuna nomino baada yake, au ikiwa kitenzi, kama "he was fined", karibu kila mara ni faini. Ikikaa mbele ya kitu, inaeleza kitu hicho, na sasa inakubidi uulize ni kitu gani. Ikisimama peke yake baada ya "I am" au "it is", ni hali: uzima, au kukubali.

Binti wa jirani yangu, aliyekuwa kidato cha pili wakati huo, alikuwa akija jioni kufanya kazi zake za shule pale mezani. Siku moja aliniamkia, akaketi, akautazama ukurasa ule, akaniuliza, "Shangazi, ni neno moja au ni mawili yanayofanana? Mbona mtu akisema yuko mzima, na trafiki akikuandikia elfu thelathini, ni neno hilo hilo?"

Hakuna swali bora kuliko hilo, na ndilo linalofuata.

Shina moja au mashina mawili

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Kaa wa baharini, kaa la moto na kukaa kitini ni maneno matatu yaliyogongana kwenye sauti moja, hayana undugu. Lakini mkono wa mtu, mkono wa shati na mkono wa ndizi ni neno moja lililotoa matawi. Kiingereza nacho kina hali zote mbili. "Match" ya mpira, tuliyoichukua tukaiita mechi, imetokana na neno la kale la Kiingereza la mwenzi, anayelingana na mwenzake. "Match" ya kiberiti imepitia Kifaransa, kwenye neno la utambi. Ni mashina mawili. Ukijaribu kuyaunganisha utatunga hadithi nzuri isiyo ya kweli.

Basi sasa ndipo unafungua kamusi, na ujue unafungua kamusi ya aina gani. Kamusi nyingi za wanafunzi hutanguliza maana inayotumika sana leo. Kamusi kubwa ya kihistoria ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, hupanga maana kwa umri: ya zamani juu, ya karibuni chini. Ya kwanza inakusaidia kujibu barua. Ya pili inakuonyesha neno lilivyotembea. Ikiwa huna kamusi kubwa, tafuta kamusi yoyote yenye sehemu ya asili ya neno, mara nyingi iko kwenye mabano ya mraba au mwishoni kabisa mwa kidahizo, yaani neno lililoorodheshwa pamoja na maelezo yake. Wengi huiruka sehemu hiyo. Mimi husoma hiyo kwanza.

Na usidanganyike na namba. Utakuta kamusi imetenga "fine" ya kwanza na "fine" ya pili, kama vile ni watu wasiojuana. Namba zinatenganisha kazi na historia fupi ya kila moja. Undugu wa mbali unaonekana tu ukifuata asili ya kila moja hadi chini. Nilipozifuata hizi mbili, zote zilitua mahali pamoja: neno la Kilatini "finis".

"Finis" ni mwisho. Pia ni mpaka. Nilipoisoma hiyo nilitabasamu, kwa sababu neno letu mpaka linafanya vilevile: mpaka wa shamba, na mpaka kesho. Warumi walisema "fines" kwa maana ya mipaka ya nchi, na kwa hiyo nchi yenyewe.

Tuyamalize

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo jibu la yule binti lilipo.

Kilatini kilipogeuka polepole kuwa Kifaransa katika nchi ya Gallia, Ufaransa ya leo, "finis" ikawa "fin". Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari wakaitwaa Uingereza, na kwa miaka mingi baada ya hapo mahakama za huko zilizungumza Kifaransa na kuandika Kilatini. Mwingereza wa kawaida alikwenda mahakamani kusikiliza kesi yake ikisemwa kwa lugha ya bwana wake. Mwaka 1362 Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, na sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Ndiyo maana maneno mengi ya mahakama ya Kiingereza ni ya Kifaransa hadi leo.

Ndani ya mahakama hizo, "fin" na "finis" zilikuwa na maana ya mwisho wa shauri. Watu wawili wanagombea ardhi. Badala ya kwenda hadi hukumu, wanapatana mbele ya mahakimu, na mapatano yao yanaitwa "fine", yaani kumaliza. Karatasi yake ilianza kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya "Haya ndiyo mapatano ya mwisho". Mwaka 1195 Hubert Walter, askofu mkuu wa Canterbury aliyekuwa pia hakimu mkuu wa mfalme, aliweka utaratibu ambao mimi, mtu wa makaratasi, naupenda sana. Mapatano yaliandikwa mara tatu kwenye kipande kimoja cha ngozi: nakala mbili juu, ya tatu chini kwenye mguu. Kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa mawimbi. Kila upande ukachukua nakala yake, na mguu ukabaki hazina. Mtu akija na nakala ya kughushi, wanaiweka juu ya ule mguu: mawimbi yasipokutana, ni ya uongo. Miguu hiyo ipo mpaka leo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, huko Kew, London, na utaratibu wenyewe uliondolewa na sheria ya mwaka 1833. Anayeuza kiwanja leo kwa karatasi isiyo na nakala popote angefaidika kujua habari hii.

Pamoja na hayo kulikuwa na aina nyingine ya kumaliza. Mtu aliyemkosea mfalme, au aliyekuwa gerezani, au aliyetaka ruhusa fulani, alikubaliana na mfalme kiasi cha fedha ili jambo liishe. Alikuwa anatoa ofa. Maofisa wa mfalme Henry wa Tatu, aliyetawala kuanzia mwaka 1216 hadi 1272, waliandika makubaliano hayo kwenye magombo ya ngozi mwaka hadi mwaka. Malipo hayo nayo yakaitwa "fine", kwa sababu ndiyo yaliyomaliza jambo. Taratibu mapatano yakapungua na amri ikaongezeka, hadi kufikia karne ya 16 neno likawa na maana tunayoijua: fedha unazotakiwa kulipa kama adhabu, upende usipende.

Nilimweleza binti yule hadi hapo, naye akawa bado anakunja uso. Ndipo nikamwuliza, "Bodaboda wakigongana pale barabara ya ishirini, na mmoja taa yake imevunjika, wanaambianaje?"

Akasema, "Tuyamalize."

Hiyo hapo. Tuyamalize. Hatusemi nilipe, tunasema tuyamalize, na kila mtu anajua kwamba fedha itatoka mfukoni. Wazee wa baraza wakimtoza kijana mbuzi kwa kosa la matusi, wanasema jambo limekwisha. Mwisho umekuwa malipo, kwa Kiswahili chetu wenyewe, bila Mrumi wala Mfaransa.

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke hata ukiruka nyingine zote. Ukiona maana mbili za neno la kigeni zimeachana sana, usikariri pengo hilo. Tafuta kama Kiswahili kimewahi kuruka pengo hilo hilo. Mara nyingi kimeruka, kwa neno lake, na ukilipata hutasahau tena.

Upande wa uzuri

Sasa uzuri umetokaje kwenye mwisho? Njia ni ileile. Wafaransa walisema "fin" kwa kitu kilichofikishwa mwisho wake, kilichokamilika, kisichohitaji kuongezwa kazi. Dhahabu ndiyo mfano wa wazi zaidi. Inayeyushwa, uchafu unatolewa, inayeyushwa tena, hadi hakuna kilichobaki cha kutoa. Hiyo ni dhahabu "fine": iliyofika mwisho wa kusafishwa. Neno liliingia kwenye Kiingereza kwa maana hiyo ya ubora katika karne ya 13. Masonara bado wanahesabu hivyo. Dhahabu ya karati 24 ni safi tupu. Ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, ndiyo maana wanaigonga muhuri wa 916, yaani sehemu 916 kati ya 1,000.

Kiswahili kina timilifu. Kitu kilichotimia, kilichofika, ndicho kisicho na kasoro. Na vijana wakisifia mpishi wa pilau wanasema, "Yule ni mwisho wa matatizo." Mwisho umekuwa ubora wa juu kabisa. Nilipoyaweka maneno hayo mawili kando ya "fine" kwenye daftari, tuyamalize upande mmoja na timilifu upande mwingine, mti mzima ulisimama.

Matawi mengine yanatoka hapo kwa urahisi. Kitu kilichofanyiwa kazi hadi mwisho kimesagwa, kimechekechwa, kimechongwa: kwa hiyo "fine" ikawa laini, nyembamba, ndogo ndogo. Unga, mchanga, uzi, sindano, manyunyu ya mvua. Kitu bora kikawa kizuri kwa jumla: siku nzuri, kijana mzuri. Kizuri kikapungua nguvu kikawa kisicho na tatizo: "I'm fine", sina neno. Na "sina neno" ikawa sawa, haya, hata kwa hasira.

Chora mti huo kwa mkono, kwenye karatasi, shina chini na matawi juu. Usiupige chapa. Mkono unakumbuka kuliko kioo cha simu.

Ndugu wa neno, na wasio ndugu

Ukishakuwa na shina, kusanya ndugu zake, maana watakusaidia kuhakiki. "Final" na "finish" wako wazi. "Define" ni kuweka mpaka kuzunguka maana ya neno, kama kubainisha kwetu, kulikotoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu na baina. "Confine" ni kumfungia mtu ndani ya mpaka. Sisi tunasema kuwekwa ndani. "Infinite" ni kisicho na ukomo. "Refine" ni kukifanya kitu kuwa "fine" tena na tena, na ndiyo maana kiwanda cha kusafisha mafuta huitwa "refinery". "Finance" ilianza kama kumaliza deni, kufunga hesabu, kabla haijawa fedha za serikali.

Wawili wamehamia kwetu kabisa: faini na fainali. Faini ilikuja na mahakama za Waingereza, fainali ikaja na mpira, na kwa Kiswahili hakuna anayezifikiria pamoja. Ni watoto wa "finis" wote wawili, wameletwa na majahazi tofauti wakakutana bandari moja. Kifaransa cha leo, cha kushangaza, hakitumii "fin" kwa faini. Ndugu zetu wa Bukavu na Lubumbashi wanaosoma Kifaransa wanajua ni "amende", neno la kurekebisha kosa.

Kisha wapo wanaofanana bila undugu. "Fin", pezi la samaki, ni neno la kale la Kiingereza chenyewe, kutoka ukoo wa lugha za Kijerumani. "Find" na "finger" hali kadhalika. Kufanana kwa herufi tatu hakutoshi. Kila ndugu unayemdhania, mfungulie kidahizo chake usome asili. Huchukua dakika mbili.

Kuchagua neno la Kiswahili

Mwisho wa kazi yote ni kalamu kugusa karatasi. Mimi siandiki "nzuri" kwa "fine" mpaka nimejaribu mengine yote yakakataa. Kwa dhahabu, safi. Kwa unga na mchanga, laini, na kwa mchanga naongeza uliochekechwa. Kwa uzi na nywele, nyembamba. "Fine rain" ni manyunyu. "The fine print" ni maandishi madogo, na nikiyafasiri huyaandika kwa ukubwa sawa na mengine yote, kwa sababu mteja ana haki ya kuyaona. "A fine line" kati ya mambo mawili ni mpaka mwembamba, na hapo shina la neno limejitokeza lenyewe. Mtu aliyekaribishwa chakula akajibu "I'm fine" hajasema ni mzima. Amesema ahsante, nimeshiba. Mama wa kwenye hadithi aliyefunga mlango amesema "Haya basi!"

Kisha jaribu kwa kurudisha. Chukua Kiswahili ulichoandika, mpe mtu asiyeuona mwanzo, umwulize atafanya nini na sentensi hiyo. Usimwulize kama ni sahihi. Mwulize atafanya nini. Ningemwuliza fundi siku ile "ukiambiwa mchanga mzuri utaleta upi?", angenijibu kwa sekunde tatu.

Mwezi uliopita mteja wa Muscat alileta kazi nyingine, ukuta na vyumba vya uani. Ukurasa mmoja ulikuwa na "fine" mara tatu. "Fine aggregate" kwenye orodha ya vifaa. Wahandisi humaanisha mchanga, kwa kuutofautisha na kokoto. "A fine finish" kwenye kifungu cha rangi, maneno mawili ya shina moja yaliyokaa bega kwa bega. Na chini kabisa, "a fine of", ikifuatiwa na kiasi kwa kila siku ya kuchelewa. Niliandika mchanga laini uliochekechwa, kazi ya mwisho iliyo nyororo isiyo na mikwaruzo, na faini. Kabla ya kupiga chapa nikampigia simu fundi yuleyule wa Pongwe, nikamsomea mistari yote mitatu, nikamwuliza atafanya nini.

Alinyamaza kidogo akifikiri, kisha akasema, "Nitatafuta chekeche ya waya mdogo. Na hiyo ya faini, mama, mwambie tuongee kwanza siku za mvua tunazihesabuje."

Nikaongeza kifungu hicho kwa Kiingereza, nikakirudisha Muscat.